Kando ya Mto Katika Majira ya Machipuko

Kati ya matembezi yote ninayoyafanya kwa mwaka, hakuna ninayoyathamini kuliko yale ya peke yangu katika bustani ya umma inayofuata mto, wakati majira ya baridi yanapoanza kulegea na majira ya machipuko yanapoingia. Watu wengi huyapenda majira haya kwa sababu ya maua na jua, nami siwapingi. Kinachonirudisha mtoni, hata hivyo, ni kwamba pale ndipo mtu anapoweza kuona jinsi machipuko yalivyoandaliwa kwa muda mrefu kabla hayajaonekana. Jani linalofunguka leo lilikwisha kutengenezwa ndani ya chipukizi lake tangu majira ya joto yaliyopita; mdudu anayeruka juu ya maji ameishi chini ya maji hayo wakati wote wa baridi; ndege anayetua kwenye waya karibu na daraja aliondoka kusini mwa Jangwa la Sahara majuma kadhaa nyuma. Sisi huona kama kila kitu kimezuka kwa ghafla, lakini ukitembea polepole na kutazama kwa makini utatambua kwamba unachokishuhudia ni kazi ya muda mrefu iliyokomaa, na kwamba mto umekuwa ukiilea kazi hiyo wakati sisi tulikuwa tumejifungia ndani.

Nasisitiza kutembea peke yako, ingawa sina neno baya juu ya kutembea na wenzako. Watu wawili wakifuatana hutembea kwa mwendo wa mazungumzo yao, na macho yao hurudi mara kwa mara kwenye uso wa mwenzi badala ya kubaki majini au mitini. Aliye peke yake husimama anapotaka, bila kumweleza mtu kwa nini amesimama, na anaweza kutazama jiwe moja kwa muda ambao rafiki yake mwema kabisa asingeweza kuuvumilia. Ndege nao huwasikia watu wanaozungumza kabla hawajawaona, wakahama. Kwa sababu hiyohiyo sivai visikizi masikioni, na simu naizima mlio nikaiweka mfukoni. Jambo moja tu ndilo ninalolishika kabla ya kutoka, nalo ni kumwambia mtu ninakokwenda na saa ninayotarajia kurudi, kwa kuwa mwanzoni mwa machipuko maji huwa mengi na ya baridi kali, na kingo zilizolowa huweza kuvunjika chini ya miguu ya mtu bila dalili yoyote.

Ishara ya kwanza ya majira haya ipo majini kabla ya kuwapo mitini. Theluji ya nchi za juu huyeyuka, mvua huangukia udongo ambao tayari umeshiba maji, na miti, ambayo bado haina majani, haijaanza kunywa. Ndiyo maana mito mingi ya maeneo ya baridi hujaa kuliko wakati mwingine wowote katika majuma haya, ikapata rangi ya udongo na sauti nzito. Baadaye majani yakishafunguka, miti huvuta maji mengi kutoka ardhini na kuyatoa hewani kwa njia ya majani, na mto hushuka hata kama mvua haijapungua sana. Mimi hupenda kufika mara tu baada ya kilele cha mafuriko, maji yakiwa yameanza kurudi ndani ya kingo zake, kwa sababu hapo mto huwa umeacha maandishi yake kila mahali. Kwenye matawi ya chini ya miti iliyo ukingoni utakuta nyasi kavu, vijiti, majani ya mwaka jana na vipande vya kamba vimenasa juu ya kimo cha mtu, vyote vimelala upande mmoja, kule maji yalikokuwa yakielekea. Ukinyoosha mkono kuvigusa ukashindwa kuvifikia, ndipo unapoelewa kwamba njia hii unayoitembea kwa viatu vikavu ilikuwa ndani ya mto siku chache zilizopita.

Maji hufuata mkondo, lakini mkondo wenyewe nao huhama, na hakuna mahali jambo hili linapoonekana wazi zaidi kuliko kwenye kona ya mto baada ya mafuriko ya machipuko. Ukingo wa nje ya kona huwa umekatwa upya, udongo wake mbichi ukionekana kama ukuta, na mizizi ikining'inia hewani. Ukingo wa ndani huwa umeongezewa ufuko mdogo wa mchanga safi ambao haujakanyagwa na mtu. Albert Einstein aliandika makala fupi kuhusu jambo hili mwaka 1926, akalieleza kwa mfano wa kikombe cha chai: ukiikoroga chai, majani yake hukusanyika katikati ya kikombe, ilhali ungetarajia yasukumwe pembeni. Sababu ni kwamba maji yanayogusa sehemu ya chini ya kikombe hucheleweshwa na msuguano, kwa hiyo hayana nguvu ya kukimbilia nje kama yale ya juu, nayo husukumwa kurudi ndani yakiyabeba majani. Katika kona ya mto, maji ya juu hukimbilia ukingo wa nje na kuula, kisha huzama na kupita chini kuelekea ukingo wa ndani, yakiwa yamebeba mchanga yanaouacha huko. Tangu nilipolielewa jambo hili sijaweza tena kupita kwenye kona ya mto bila kusimama. Ukuta ule wa udongo uliokatwa upya utanirudia baadaye katika makala haya, kwa sababu kuna ndege anayeutegemea.

Miti hufuata baada ya maji. Ukivuta tawi tupu karibu na uso wako utaona vichipukizi vimefunikwa na vigamba vigumu, na ndani ya kila kimoja kuna majani kamili yaliyokunjwa yakakunjika tena, ambayo mti uliyatengeneza kabla ya baridi kuingia. Miti mingi ya maeneo haya haikubali kufungua vichipukizi vyake kwa sababu tu hali ya hewa imepata joto. Ni lazima kwanza ipitie kipindi kirefu cha baridi ya kutosha, na baada ya hapo ndipo joto hufanya kazi yake, likisaidiwa katika baadhi ya miti na kurefuka kwa mchana. Utaratibu huu huulinda mti usidanganywe na siku chache za jua katikati ya majira ya baridi, siku ambazo hufuatwa na barafu inayoua majani machanga. Kwa hiyo baridi, ambayo wengi wetu huihesabu kuwa kizuizi cha machipuko, ni sehemu ya maandalizi yake, na mti ambao haukupata baridi ya kutosha huchelewa kufunguka au hufunguka kwa kusitasita, tawi hili likitangulia na lile likibaki nyuma.

Mti wa mtoni ninaoupenda kuliko yote ni mwerebi. Miti mingine ya ukingoni, kama ile ya jamii ya alda, huchanua mapema sana bila majani na kuiachia upepo kazi ya kusambaza chavua, kwa kuwa matawi yakiwa matupu upepo hupita bila kizuizi. Mwerebi nao huchanua mapema, lakini hautegemei upepo peke yake. Vishada vyake vya maua, vilivyo laini kama manyoya, hutoa chavua na pia mbochi, katika wakati ambao hakuna chakula kingine cha maana kwa wadudu. Kuna miti ya kiume na miti ya kike, na ule wa kiume hutambulika kwa urahisi kwa sababu vishada vyake hugeuka manjano na kuacha unga wa chavua kwenye mkono wa koti lako ukipita karibu.

Chini ya mwerebi wa kiume ulioinamia njia ndipo nilipomwona malkia wa nyuki wa porini, wale wanene wenye manyoya mengi. Sauti ilitangulia, nzito na ya chini, kisha nikamwona akitua kwenye kishada ambacho kiliinama kwa uzito wake. Alikuwa mweusi, na utepe wa manjano nyuma ya kichwa na mwingine tumboni, na manyoya yote ya upande wa chini yalikuwa yamejaa chavua. Alitembea juu ya kishada polepole akiingiza ulimi wake kati ya nyuzi za maua, akatulia, tumbo lake likipanda na kushuka kwa kasi kama la mtu anayehema, kisha akaendelea na kishada kinachofuata. Nilisogea hadi umbali wa kiganja kimoja naye hakunijali hata kidogo.

Historia ya mdudu yule ndiyo iliyonifanya nibaki pale. Malkia huyu alizaliwa mwaka uliopita, akapandwa na dume kabla ya baridi, akajaza mafuta mwilini, akachimba shimo dogo ardhini na kulala humo peke yake kwa miezi mingi. Malkia mzee aliyemzaa, nyuki dume na wafanyakazi wote wa kundi lake walikufa baridi ilipoingia. Anapoamka hana msaidizi hata mmoja. Hewa ikiwa bado baridi mno kwa wadudu wengi, yeye hutetemesha misuli ya mabawa bila kuyapiga mabawa yenyewe, hadi joto la kifua chake lifike nyuzi 30 za sentigredi au zaidi, na hapo ndipo anapoweza kuruka. Baada ya kula hutafuta mahali pa kutaga, mara nyingi shimo la zamani la panya, akafinyanga chungu kidogo cha nta na kukijaza mbochi, kisha akayaatamia mayai yake kwa joto la mwili wake mwenyewe. Kundi zima la majira ya joto, lenye wafanyakazi makumi au mamia, hutokana na mdudu huyu mmoja na chakula anachokipata katika majuma haya machache. Sioni sababu yoyote nzuri ya kuikata mierebi ya ukingoni mwishoni mwa majira ya baridi kwa ajili ya kuifanya bustani ionekane nadhifu, na kila ninapokuta matawi yaliyojaa vishada yametupwa chini, nasikitika kwelikweli.

Maua ya ardhini yana muda mfupi zaidi. Kwa kuwa miti haijafunga dari lake la majani, jua hufika chini kwa majuma machache tu, na mimea midogo hukimbizana nao: inachomoza, inachanua, inatoa mbegu na kuhifadhi chakula katika mizizi yake kabla ya kivuli kurudi. Maua mengi ya aina hii hufumba mara wingu linapopita, yakafumbuka tena jua likitoka, kwa hiyo mtu anayepita wakati wa mawingu huona majani tu na kudhani hakuna kitu.

Kuhusu ndege, nashauri mtu afike alfajiri. Ndege dume huimba kwa nguvu zaidi kabla jua halijachomoza vizuri, wakati mwanga bado ni hafifu mno kwa kutafuta chakula, na hewa iliyotulia huipeleka sauti mbali. Kando ya mto sauti hizo huja kwa tabaka, zile za vichaka vya karibu, zile za miti ya ng'ambo, na mvumo wa maji chini yake zote, na mtu aliye peke yake huanza kuzitenganisha moja baada ya nyingine kwa namna isiyowezekana akiwa anajibu maswali. Kinachowaamsha kuimba ni kurefuka kwa mchana kuliko joto lenyewe. Ndege wana seli zinazohisi mwanga ndani kabisa ya ubongo, na mwanga huzifikia kwa kupenya mifupa myembamba ya fuvu, bila kupitia machoni. Siku zikirefuka, seli hizo huanzisha mfululizo wa homoni unaoamsha viungo vya uzazi na nyimbo. Wazo kwamba mwanga wa asubuhi unaingia katika kichwa cha ndege mdogo na kumbadilisha kutoka ndani limenishika tangu nilipolisoma kwa mara ya kwanza, na sijalizoea hadi leo.

Kisha hufika mbayuwayu. Wasomaji wengi wa makala haya wanamjua vizuri kuliko ninavyoweza kumweleza, kwa kuwa ndiye huyu anayejipanga kwa mamia kwenye nyaya za umeme Afrika Mashariki na Kusini kuanzia karibu Septemba au Oktoba, na anayetoweka kufikia Aprili. Uzito wake ni takriban gramu 20, na wale wanaozaliana Uingereza husafiri takriban kilomita 10,000 hadi Afrika Kusini na kurudi umbali huohuo. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua wanakokwenda. Walikuwapo wasomi walioamini kwamba mbayuwayu hulala usingizi wa baridi ndani ya tope la maziwa na mito, na katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1555, Olaus Magnus wa Sweden aliweka hata picha ya wavuvi wakiwavuta mbayuwayu kwenye nyavu zao. Ushahidi ulioondoa shaka ulikuja kwa pete ndogo ya chuma. Mbayuwayu aliyevalishwa pete mguuni katika jimbo la Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911, alipatikana Natal, Afrika Kusini, mwezi Desemba 1912, na pete yake ikiwa bado mguuni.

Mtoni ndiko wanakoonekana mapema, na sababu yake ni chakula. Katika siku za baridi za mwanzo wa machipuko, nchi kavu huwa na wadudu wachache sana wanaoruka, ilhali majini wadudu huwa wameanza kutoka. Mbayuwayu waliochoka kwa safari huruka chini kabisa juu ya maji, wakipinda kufuata kona za mto, na mara kwa mara hugusa maji kwa mdomo na kunywa bila kutua. Ukisimama juu ya daraja dogo watapita chini ya miguu yako, na kwa nukta moja utauona mgongo wao wa buluu iliyokoza kutoka juu, jambo ambalo anayewatazama wakiwa angani halipati. Nikiwaona hapo huwaza njia waliyopita, misitu ya Kongo, jangwa, bahari ya Mediterania, na kwamba kabla ya safari hiyo walikuwa wakiwinda juu ya mashamba na mabwawa ambayo watu wengine, waliozoea kuwaona katika msimu tofauti, huwahesabu kuwa ndege wao.

Wadudu hao wanaowalisha wametoka chini ya mawe. Mahali maji yalipo ya kina kifupi, juu ya changarawe, ukiinua jiwe taratibu na kuligeuza utakuta tunutu bapa wenye mikia mitatu wakikimbilia upande wa kivuli, na karibu nao vijumba vidogo vilivyojengwa kwa chembe za mchanga zilizounganishwa kwa uzi wa hariri, kila kimoja kikiwa na lava, yaani mdudu mchanga, ndani yake. Jiwe lirudishwe kama lilivyokuwa, upande uleule chini, kwa sababu hapo ndipo maisha yao yote yalipo. Tunutu wenye mikia ni wa oda ya Ephemeroptera, kundi la wadudu ambao wakishapata mabawa huishi muda mfupi sana. Wameishi majini mwaka mzima au hata zaidi, wakibambua ngozi mara nyingi, na baridi haikuwazuia, kwa kuwa maji baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko maji ya vuguvugu: karibu miligramu 14.6 kwa lita katika nyuzi sifuri, na karibu miligramu 9 katika nyuzi 20. Siku ikifika, tunutu hupanda juu ya maji, ngozi ya mgongo hupasuka, na mdudu mwenye mabawa hutoka akaruka hadi kwenye jani la karibu. Hapo hufanya jambo ambalo hakuna mdudu mwingine alifanyaye, yaani hubambua ngozi kwa mara nyingine akiwa tayari na mabawa. Baada ya hapo hana kinywa kinachofaa kula. Hujamiiana, hutaga na hufa, mara nyingi ndani ya siku moja. Kwa kuwa wengi wa wadudu hawa hawavumilii maji machafu, wataalamu huwahesabu ili kupima afya ya mto, nami nikiinua jiwe na kuwakuta, hupata furaha ambayo mwonekano wa maji peke yake haunipi, kwa maana maji huweza kung'aa huku yakiwa na sumu.

Nimeulizwa kama upweke wa matembezi haya hauchoshi. Jibu langu ni kwamba upweke wa mtoni una shughuli nyingi mno kuweza kuchosha. Katika nusu saa ya kwanza kichwa huwa bado kimejaa mambo ya nyumbani na kazini. Mtu hubishana na watu wasiokuwapo na kupanga majibu ya barua ambazo hajazipokea. Kisha, bila kujilazimisha, unakuta umekuwa ukitazama jinsi povu linavyozunguka nyuma ya jiwe. Watafiti wakiongozwa na Gregory Bratman wa Chuo Kikuu cha Stanford walilichunguza jambo la namna hii katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Watu 38 walitembea kwa dakika 90, baadhi kwenye eneo la nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Wale waliotembea penye miti walieleza baadaye kwamba mawazo ya kujisumbua yanayojirudiarudia yamepungua, na shughuli katika sehemu ya ubongo inayohusishwa na mawazo hayo ilikuwa imepungua pia, ilhali kwa wale wa barabarani haikuwa hivyo. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na mimi singeusimamishia dai kubwa, lakini unalingana na ninachokijua kwa miguu yangu.

Nina daftari ambamo naandika tarehe za mambo machache: kishada cha kwanza cha mwerebi kilichogeuka manjano, mbayuwayu wa kwanza, jani la kwanza lililofunguka kabisa. Kazi hii ina historia ndefu na yenye heshima. Robert Marsham wa Norfolk, Uingereza, alianza kuandika dalili za machipuko kwenye shamba lake mwaka 1736, na wazao wake wakaiendeleza hadi mwaka 1958. Kyoto nchini Japani kuna kumbukumbu za kuchanua kwa micheri zinazorudi nyuma hadi karne ya 9, na kilele cha kuchanua cha tarehe 26 Machi 2021 kilikuwa cha mapema kuliko chochote kilichokuwa kimeandikwa humo hadi wakati huo. Kumbukumbu za aina hii ndizo zinazotuonyesha kwamba machipuko yanasogea mbele kadiri dunia inavyopata joto, na kwamba si viumbe wote wanaosogea kwa mwendo mmoja. Nchini Uholanzi, watafiti walionyesha mwaka 2006 kwamba ndege mdogo mla-wadudu anayetumia majira ya baridi Afrika Magharibi amepungua sana katika misitu ambayo viwavi wake hujitokeza mapema zaidi, kwa kuwa yeye huondoka Afrika kwa kufuata urefu wa mchana na hana namna ya kujua kwamba huko aendako chakula cha makinda yake kimekwisha kupita kilele. Ratiba iliyoandaliwa kwa maelfu ya miaka inaachana vipande vyake, na hilo linaniogopesha kuliko mafuriko yoyote.

Kuna mambo ambayo mtembeaji hawezi kuyabadilisha, na kuna yale ambayo watunza bustani wanayaweza kesho asubuhi. Nyasi za ukingoni zisikatwe hadi maua yaishe. Miti iliyoanguka majini iachwe isipokuwa inapoziba daraja. Na kingo zenyewe ziachwe ziwe kingo. Miji kadhaa imekwisha kugundua gharama ya kuifunga mito yao. Seoul, nchini Korea Kusini, iliondoa barabara ya juu iliyokuwa imefunika mkondo wa Cheonggyecheon na kuufungua upya mwaka 2005 kwa urefu wa karibu kilomita 6. München, nchini Ujerumani, kati ya mwaka 2000 na 2011, iliondoa kuta za mawe na zege kwenye kilomita 8 za mto Isar ndani ya mji, ikauachia mto nafasi ya kujitengenezea tena fukwe za changarawe. Kazi zote mbili naziheshimu, ila ile ya Isar ndiyo ninayoiona kuwa ya kweli zaidi, kwa sababu mto ulipewa ruhusa ya kusogea, wakati mkondo wa Seoul kwa sehemu kubwa unajazwa kwa maji yanayosukumwa na pampu.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye ule ukuta wa udongo ulio nje ya kona. Mdiria wa mito hii huchimba humo handaki jembamba, linaloweza kufika karibu mita moja, na kutaga mwishoni mwake. Huhitaji ukingo uliosimama wima, usio na majani, wenye udongo laini, na mafuriko ya machipuko ndiyo yanayomtengenezea ukingo huo upya mwaka hadi mwaka. Handaki linalokaliwa hutambulika kwa michirizi myeupe ya kinyesi chini ya mlango wake, nami huiangalia kwa darubini kutoka ng'ambo ili nisimsumbue. Katika bustani ninayotembea, ukuta huo unakaribia njia ya waenda kwa miguu, na wapo wanaotaka ukingo wote uzibwe kwa mawe ili njia isiliwe na maji. Nakubali kwamba penye nguzo za daraja au nyumba za watu ukingo lazima uimarishwe. Penye njia tu, njia ndiyo isogezwe, kwa maana inaweza kujengwa hatua chache pembeni, tena kwenye ardhi kavu zaidi, ilhali mdiria hawezi kuchimba ndani ya jiwe na hana ukingo mwingine wima kwenye sehemu hiyo ya mto.